Nilivyoipata kadi ya Clemente ya 1971 kwa mzee mmoja wa Pittsburgh bila kutoa hela

Mbongo na kadi za besiboli wapi na wapi, hilo swali nimeshaulizwa sana hadi na ndugu zangu kwa hiyo nalijibu fasta tuendelee. Naishi Pittsburgh, Marekani, mchezo wenyewe sijawahi kuucheza na sheria zake nyingine mpaka leo zinanichanganya, ila nilipohamia huku kila siku nilikuwa napita karibu na daraja linaitwa Roberto Clemente nikataka kujua huyu ni nani mpaka apewe daraja. Ndo nikakutana na habari za huyu bwana wa Puerto Rico, kwenye rekodi ana hiti 3,000 kamili, yaani mara alizopiga mpira akafika besi, haijazidi hata moja, kwasababu tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa tetemeko la Managua kule Nikaragua, ikaanguka baharini na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Alafu nikakuta kingine, kwamba tarehe 1 Septemba 1971 timu yake ya Pirates ilianza mechi na wachezaji tisa wote weusi na Walatino, kitu ambacho ligi kuu ilikuwa haijawahi kukiona. Nikasema basi, mi nitawakusanya hawa tisa, kadi zao za picha zilizochapwa na kampuni ya Topps mwaka uleule wa 1971.

Kiuhalisia ni nane. Rennie Stennett aliingia ligi kuu Julai ya mwaka huo, Topps walikuwa hawajamchapa, kadi yake ya kwanza ni ya 1972, kwa hiyo yeye nimempa ruhusa maalum.

Wengi kati yao unawapata kwa bei ya soda na chipsi. Willie Stargell anachangamka kidogo, Dock Ellis wa kawaida, Manny Sanguillén nilimpata kwenye boksi la vitu vya bei chee na huyo nampenda kuliko wote maana ndo yule aliyeacha kwenda kwenye ibada ya kumkumbuka Clemente akaenda kupiga mbizi kumtafuta rafiki yake. Shida ni Clemente mwenyewe. Kadi namba 630, na kadi za 1971 zina pambizo nyeusi pande zote, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, sasa ukiigusa tu kona inabanduka kidogo na weupe unaonekana mbali. Iliyo safi ni hela ndefu sana, hata iliyochoka bado ni makumi ya dola, na mi nina watu wanategemea Western Union kila mwisho wa mwezi, siwezi kumwambia mama hela ya dawa nimenunua kikaratasi.

Huyu mzee tulikutana kwenye maonyesho ya kadi, yale ya ukumbini, meza zimepangwa na watu wameinama juu ya vioo. Dereva wa basi mstaafu, Mmarekani mweusi, mwenyeji wa hapahapa tangu kuzaliwa, na Clemente alimuona kwa macho yake akiwa mtoto. Alikuwa na Clemente ya 1971 mbili. Nikauliza bei, akanijibu kijana, hela ninayo, kadi ndo sina.

Hapo sasa ndo pa kuzingatia kama unataka kuingia kwenye haya mambo. Wakusanyaji wako aina nyingi ila kwangu mi wamegawanyika mara mbili tu, kuna anaefuata thamani na kuna anaefuata kukamilisha. Anaefuata thamani usijisumbue kubadilishana nae, atakutolea simu, atakuonyesha bei, mtavutana kwenye dola tano mpaka mchukiane, ni bora umuuzie au ununue kwake muachane. Anaekamilisha seti huyo ana mapengo, na mapengo yake yanamuwasha usiku. Mzee alikuwa anakamilisha Topps ya 1975, seti ya kadi 660, zile zenye pambizo za rangi mbilimbili, juu njano chini nyekundu, juu zambarau chini waridi, ukizitandaza mezani kama kanga za dukani Kariakoo. Mastaa wote alikuwa nao. George Brett wa ruki, yaani kadi yake ya kwanza kabisa, anae, Robin Yount anae, Hank Aaron anae wa mwanzo na wa mwisho maana seti inaanza nae namba 1 na inaisha nae namba 660. Alichokosa ni wale wachezaji ambao hakuna anaewakumbuka, wenyewe wanawaita komoni.

Utashangaa komoni mtu anakosaje wakati moja ni chini ya dola. Ndo shida yenyewe, hakuna muuzaji atakaehangaika kuanika kadi ya senti hamsini peke yake, na ukiipata posta inakula kuliko kadi. Na mzee hataki kununua seti nzima upya, ameshasema akinunua itakuwa amenunua, hajakusanya. Nilimuelewa kabisa.

Nikamuomba orodha ya mapengo yake. Akatoa kikaratasi kwenye waleti, kimekunjwa mpaka kimelainika, namba zimeandikwa kwa penseli na nyingine zimekatwa. Nikakipiga picha. Hiyo picha ilikaa kwenye simu yangu muda mrefu na kila nikienda mnada wa vitu vya mtumba au nyumba wanayouza vitu vya marehemu nilikuwa naifungua kwanza. Kadi nyingi utakazozikuta sehemu kama hizo ni za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90, kipindi makampuni yalichapa kadi bila breki, watu wakazificha kwenye vyumba vya chini wakidhani watasomeshea watoto, leo hata ukipewa bure unafikiria utaziweka wapi. Zile za 1987 zenye pambizo kama ubao wa mbao nimeziona mpaka nimezichoka. Unazipita.

Mwishowe kwa mama mmoja aliyekuwa anahamia nyumba ndogo nikakuta boksi la viatu, limefungwa na mpira ule wa noti, ndani rangi mbilimbili tupu. Sikuonyesha uso wowote. Nikauliza bei kawaida, nikalipa, nikatoka polepole.

Nyumbani tukakaa na mshkaji wangu Mkongo ninaekaa nae kuzipanga kwa namba, ye besiboli haijui kabisa ila kusoma namba kwa sauti anaweza, mi natafuta kwenye picha ya simu. Katikati akasimama akaniambia hii mbona ina Kifaransa nyuma. Nikaichukua, kweli, takwimu zote Kiingereza na Kifaransa. Hizo ni O-Pee-Chee, toleo la Kanada, mbele ni ileile kabisa ila kwa mtu wa seti ya Topps haiingii, ukimpelekea bila kumwambia anakuona mjanja mjanja. Tukazitenga. Kitu kingine cha kuangalia kwenye 1975 ni kwamba Topps walitoa pia toleo dogo la seti hiyohiyo, kadi 660 zilezile ila zimepungua ukubwa, walilijaribu kwenye maeneo machache. Kwenye picha ya simu huwezi kujua kama ni ndogo au ya kawaida, lazima uweke na nyingine pembeni.

Mapengo ya mzee mengi yakapatikana mle. Sio yote.

Sasa komoni peke yake hazitoshi kwa Clemente, hata kama ni Clemente aliyechoka, na mi sikutaka aone namdharau. Nilikuwa na kadi moja ya Paul Skenes wa Pirates, ya ruki ya 2024, yenye rangi na namba nyuma inayosema ni ya ngapi kati ya ngapi, niliitoa kwenye pakiti ya dukani. Skenes kwa hapa mjini ni habari nyingine, ndo kwanza anaanza ligi kuu Mei 2024 mwaka huohuo akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora, na kuna ile kadi yake moja tu duniani, yenye kiraka cha jezi ya mechi yake ya kwanza, mtoto wa miaka 11 California aliitoa kwenye pakiti ya krismasi. Pirates wakaahidi tiketi za msimu kwa miaka 30, familia ikakataa, ikaenda mnadani ikauzwa dola milioni 1.11. Yangu sio hiyo jamani. Ila ilikuwa na thamani ya kuanzia mazungumzo.

Tukakutana mgahawani, mzee kaja na albamu, mi na boksi. Nilianza na komoni, na hii nakushauri, anza na kile anachokitaka moyo wake kabla hujaweka cha bei. Alizipitia moja moja, anasoma jina, anacheka, huyu alikuwa hawezi kukimbia, huyu alitucharaza goli, sijui wanaitaje, rani nyingi. Kahawa ikapoa. Nikamuonyesha na zile za Kanada nikamwambia hizi hazimo, akanitazama juu ya miwani akasema umejifunza wapi wewe.

Kwenye Skenes ndo akakaza. Akasema huyu ni mrushaji, na warushaji mikono yao inakatika, wiki ijayo akifanyiwa upasuaji wa kiwiko hii kadi nitafanyia nini, wakati Clemente hawezi kuumia tena. Hoja ina maana, kadi ya mchezaji anaecheza bei yake inapanda na kushuka na kila mechi. Tukakubaliana kuangalia bei kwenye simu moja tukiwa tumekaa pamoja, na tukaangalia zilizouzwa tayari, sio zinazoombwa, kwasababu kuomba kila mtu anaomba, mimi pia naweza kuiombea hii sufuria milioni. Tukachukua za karibuni tu, tukatoa ile ya juu sana na ile ya chini sana. Skenes peke yake ikawa chini kidogo ya Clemente. Komoni tukazipigia bei ya jumla, ndogo tu, nikamwambia kazi ya kuzitafuta sikuhesabii ila na wewe usinihesabie kona. Akacheka akasema twende.

Kabla ya kupeana mikono niliomba kuikagua na mzee hakukasirika, mkusanyaji wa kweli hakasiriki, akikasirika ujue kuna kitu. Kwenye 1971 ujanja mkubwa ni maka peni nyeusi, watu wanapaka palipobanduka ili pambizo ionekane nzima. Unaishika kadi kwa ubavu, unaangalia unene wa karatasi yenyewe, ule ubavu unatakiwa kuwa na rangi ya karatasi, kama wino umezama mpaka ubavuni hapo pamepakwa. Alafu unaiinamisha kwenye mwanga, wino wa kiwandani na wa maka peni havingʼai sawa. Nina na kitochi kidogo cha UV kwa ajili ya hiyo. Ukubwa unaupima kwa kuiweka juu ya kadi nyingine ya mwaka uleule unayoiamini, maana kuna wanaozikata pembeni ili kona ziwe kali. Hii ya mzee ilikuwa na kona zote nne za mviringo, weupe kila upande na mkunjo mmoja unapita juu ya bega la kushoto, huuoni mpaka uigeuze geuze. Hakuna aliyewahi kuipaka kitu. Kwangu mi safi, sikusanyi ili nipeleke kupimwa gredi, yaani kupewa alama ya ubora.

Akanipa na nyongeza bila kuombwa, kadi ya Gift Ngoepe wa wakati yuko Altoona Curve, timu ya ligi ndogo ya hapahapa Pennsylvania. Ngoepe ni Msauzi, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli, aliingia na Pirates hawahawa tarehe 26 Aprili 2017 na zamu yake ya kwanza kabisa akapiga hiti. Mzee alikuwa ameiweka siku nyingi hajui ampe nani.

Toka hapo tunaendelea, na baridi ikiingia mzee anaenda zake Florida karibu na Bradenton ambako Pirates wanafanyia mazoezi ya kabla ya msimu, kwa hiyo tunatumiana kwa posta. Kadi inaingia kwenye kifuko chepesi cha plastiki, kisha kwenye plastiki ngumu, juu unaziba na ile tepu ya bluu ya wapaka rangi maana haiachi gundi, na unakunja ncha yake ili mwenzio apate pa kuvutia. Usitie tepu ya kawaida, mtu atatumia kisu na kisu kitafika ndani. Alafu makatoni mawili, bahasha yenye mapovu, namba ya kufuatilia, picha mbele na nyuma kabla hujafunga. Kwa mtu mgeni utaratibu ni mwenye jina dogo anatangulia kutuma, hata mi nimetangulia sana, haikuniuma. Na mzee sahivi tunatuma siku moja wote.

Sa ivi kilichobaki kwangu ni Dave Cash, yuko kwenye namba za 500 na kitu ambazo sio rahisi kama zile za mwanzo, na mzee kabakiza mapengo manne ila moja kati ya hayo ni orodha ya seti yenyewe, ile kadi yenye viboksi vya kuweka tiki, na anaitaka ambayo hakuna mtoto aliyeitia peni. Kila mtoto wa 1975 alikuwa na peni. Mwenye nayo aniambie, nina Sanguillén wawili.