Hata mimi usinipe

Leo jioni nzima nimekaa na mama tukizungumzia namba yake ya simu. Anayo tangu siku aliyopata simu ya kwanza, na huitaja kama anavyotaja jina lake, kwa mkupuo mmoja.

Kilichonishtua ni jambo alilolisema kwa kupitia tu, kwamba juzi simu yake "ilinyamaza" tangu asubuhi hadi usiku. Akaizima, akaiwasha, akaiacha mezani. "Nilidhani nimebonyeza kitu, mwanangu. Sikutaka kukusumbua."

Nimeulizia, ilikuwa hitilafu ya mtandao. Hata hivyo sijatulia, maana namba ikiibwa dalili ya kwanza huwa hiyohiyo. Simu ipo mezani, laini imo ndani yake, ila alama ya mtandao haipo na namba imeshahamia kwingine. Mama angekaa anajilaumu kwa kubonyeza vibaya huku mwizi akiendelea na kazi yake.

Na mwizi huyo wala hahitaji kuigusa simu. Anakwenda kampuni nyingine, anajifanya ndiye mwenye namba, anaomba kuhamia huko nayo. Au anabaki kampuni ileile na kudai laini imepotea, apewe mpya. Akifanikiwa, meseji zote za uthibitisho, zile zenye namba ya kuingilia akaunti, zinamfikia yeye. Anaanza na barua pepe, anabonyeza "nimesahau nenosiri", halafu benki. Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, alitekwa akaunti yake baada ya namba yake kuchukuliwa. Januari 2024 ikawa akaunti ya X ya tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani. Wale wana wataalamu wa usalama. Mama ana mimi.

Nami, nakiri, nilikuwa nimelala. Zamani niliiwekea laini yake namba ya siri, ile inayoulizwa simu ikiwashwa, nikajiona mjanja. Kumbe ile humzuia aliyeiokota simu au kuichomoa laini, basi. Uhamisho hufanyika kwenye kompyuta za kampuni, na kufuli la maana liko huko.

Basi tukapiga huduma kwa wateja, mama akizungumza mwenyewe. Tukaomba namba ifungwe isihamishwe, na akaunti iwe na namba yake ya siri. Kizuizi hicho wanacho, ila ilibidi tuulize mara tatu. Kwenye namba ya siri, mama akataka mwaka aliozaliwa. Nikakataa. Akataka mwaka niliozaliwa mimi! Ya tatu hakunitajia, aliibonyeza akiwa amenipa mgongo.

Barua pepe yake tumeitoa kwenye uthibitisho wa meseji, sasa inatumia programu iliyo ndani ya simu, inayotoa namba za kuingilia yenyewe, na namba ya simu si njia tena ya kurejesha nenosiri. Benki yake bado inang'ang'ania meseji. Hapo sina la kufanya.

Kazi kubwa ilikuwa adabu ya mama. Anaona aibu kumkatia simu mtu anayemwamkia vizuri na kumwita mama. Nimemwambia anayeomba namba iliyoingia kwa meseji akatiwe hata akiwa katikati ya sentensi, kisha apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi ya benki. Na mtandao ukipotea nusu saa wakati wengine wanao, aazime simu ya mtu anipigie. Namba yangu nimemwandikia kwenye karatasi, kwa sababu yake anaijua kwa moyo lakini yangu haijui. (Wala mimi siijui ya kaka yangu.)

"Hata nikikupigia mimi nikaomba namba za siri, usinipe."

Akanitazama kwa muda. "Nimnyime mwanangu?"

"Ninyime."

Alipoinuka kwenda kulala nikamjaribu. "Mama, ile namba ya siri uliweka ipi vile?"

Akafunga mlango.