Kamera juu ya zefe

Mwaka 2018 binamu yangu alipokuwa anaoa, mamake aliniita akanipa kazi ya kulipiga picha zefe, yaani msafara wa kumsindikiza bwana harusi kwa matari. Huku Mji wa Kale, Mombasa, wapiga picha hulipokea zefe kwa mbele wakirudi kinyumenyume, na kinachoonekana ni vifua na matari basi. Mama zetu hawalioni hivyo. Wao wako juu, madirishani na roshanini, na sijaona mahali zefe linapopendeza kama huko: bwana harusi anapita chini na joho lake na kilemba, na umati wote unamfuata mbele ya macho yako. Nilitaka kamera ipite kwenye kimo hicho hicho, iende naye sambamba.

Droni sikuitaka. Kanuni za droni za Kenya zilikuja kutolewa 2020, na hata kama kibali kingepatikana, mlio wake ungemeza matari, tena mapanga yale yakizunguka juu ya vichwa vya watoto. Kilichobaki ni waya.

Nilikuwa nimesoma habari za Mmarekani Garrett Brown, aliyebuni Skycam, ile kamera ya nyaya nne iliyoanza kutumika viwanjani Marekani mwaka 1984. Kilichonivutia ni kwamba mota zake hazibebwi na kamera, zinakaa pembeni mwa uwanja. Kwa hiyo na sisi mota tuliiweka chini. Fundi mmoja wa magari Majengo alinipa mota ya waipa, ya volti 12. Mota hiyo haina haraka ila ina nguvu, na gia yake haikubali kurudishwa nyuma, kwa hiyo ukizima umeme mzigo unasimama papo hapo. Tuliichongea gurudumu la mbao la sentimita 12, tukalizungushia kamba mara tatu isiteleze. Kamba ilikwenda hadi kwenye kapi upande wa pili ikarudi, na kigari cha kamera kikafungwa kwenye kamba hiyo. Fundi alikataa kabisa nailoni. “Nailoni inavutika, bwana. Kamera yako itakuwa inaruka ruka.” Tukatumia poliesta.

Kigari chenyewe kilitembea juu ya waya wa chuma wa mita 24, na huo waya ndio uliotushughulisha. Kigari na kamera vilikuwa kilo 2, na mtu anaweza kudhani kilo 2 si kitu. Lakini mzigo huo ukifika katikati, na waya umelegea sentimita 30, kila ncha inavutwa kwa nguvu ya kilo 40, mbali na uzito wa waya. Ukiukaza ulegee sentimita 15, zinakuwa 80. Sasa utaufunga wapi? Roshani zile ni mbao za zamani zilizochongwa kwa mkono, na mimi nisingethubutu kuzigusa.

Nilipanda kwa bibi mmoja jirani, dirisha lake liko juu kabisa ya kichochoro. 

“Masalkheri, Bibi.” 

“Masalkheri, mwanangu. Hiyo kamba yenu haitanivunjia nyumba?”

Nikamwonyesha. Tulichukua boriti ya mkoko, tukailaza kwa ndani kukingama dirisha, waya ukafungwa kwenye boriti. Kwa hivyo waya ulipovuta, boriti ililala ukutani pande zote mbili, na ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi cha mtoto kukaa kitako dirishani. Mahali waya ulipogusa kizingiti tuliweka gunia. Bibi alilishika gunia, akalikunja mkunjo mwingine, akasema haya sasa. Upande wa pili tukafanya vivyo hivyo.

Badala ya kamera tulianza kuning’iniza chupa za maji, maana lita moja ni kilo moja na chupa ikianguka si hasara. Chupa zilibembea kila mota ilipoanza. Dawa yake ilikuwa kifaa cha kupunguza umeme: unaongeza kidogo kidogo mpaka kigari kishike mwendo, na kusimama vilevile.

Zefe lilipita baada ya Alasiri. Kigari kilikwenda kama sentimita 38 kwa sekunde, mwendo wa zefe hasa, na mita zile zote zikachukua dakika moja na kidogo. Katikati, mkono wenye mrashi ulitoka dirishani kumnyunyizia bwana harusi, na marashi yakatua kwenye lenzi. Tone lile limebaki kwenye picha na silifuti. Ninalipenda kuliko kitu kingine chochote mule.

Usiku tuliwaonyesha wanawake picha ile ukutani. Vigelegele vilipigwa upya, watu wakatafutana: yule nani, na yule mtoto wa nani. Bibi alitaka kujua mbona zefe linapokata kona kamera hailifuati. Nikamweleza kwamba waya ulionyooka haukati kona, pale panataka waya wa pili na kigari cha pili.

“Basi tengeneza,” akasema. “Wangu anaoa mwezi wa mfungo sita.”