Eti ina mkoromo

Jamani hili limenikaa tangu juzi halitoki, bora niliandike.

Mnakumbuka ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma juu ya ubao inayopigwa kwa vidole gumba, niliyosema nimemwagiza babu ya kumuagia mkuu wetu? Imefika. Kaituma kwa basi kutoka kijijini imeviringishwa kwenye kanga ya bibi, nikaenda kuipokea stendi mwenyewe na bodaboda sikumwachia aishike. Ofisini kila mtu anaigusagusa, anapiga nayo picha. Akaja jamaa mmoja wa uhasibu, akabonyeza vyuma viwili vitatu, akakunja uso.

"Mbona inakoroma?"

Nikamwambia ndivyo inavyolia.

"Hapana dada, hii mbovu, kama spika iliyochanika. Mrudishie fundi autoe huo mkoromo tusije tukaaibika mbele ya mgeni rasmi."

"Fundi ni babu yangu."

"Basi si ndo rahisi zaidi, mwambie."

Ndo rahisi zaidi! Dada kajifungua salama wiki hii, kazini imetoka orodha ya uhamisho watu wanalia kwenye korido, mimi niko na "ndo rahisi zaidi" mpaka kwenye daladala.

Maana huo mkoromo ndo kazi yenyewe. Kwenye ubao wa ilimba kuna tundu, na babu analiziba kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito anaofunikia mayai yake. Tulipokuwa wadogo alikuwa anatutuma tuutafute nyuma ya milango, ukiuchana unarudi kutafuta mwingine. Anaulaza juu ya tundu kwa ncha ya kidole, pumzi kaibana, hapo hata bibi haongei. Ukipiga chuma hewa inautikisa ule utando, ndo unasikia ule uvumi. Halafu kuna vyuma vingine kibao huvigusi kabisa, vimewekwa viwaitikie wenzao tu. Sasa mtu anabonyeza viwili vitatu kwa kidole kimoja anakwambia mbovu.

Usiku nikawa namjibu kitandani. Nikamtajia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003, aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na akaenda kurekodi Uingereza kwa lebo ya muziki ya Real World, ilimba inavuma vile vile. Ila hata hiyo hoja siipendi, yaani mpaka Mzungu akubali ndo tuseme ni muziki? Nikaifuta nikaanza jibu lingine.

Babu nilipanga nisimwambie. Jana kapiga simu, "Wameionaje?" nikajiumauma we, mwisho ikanitoka yote na spika iliyochanika ndani yake. Akanyamaza nikajua nimeshamuumiza mzee wa watu. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka bibi akamnyang'anya simu kuuliza kuna nini, akairudisha.

"Huyo ana masikio," anasema. "Wengi hawausikii kabisa, wanasifia ubao nilivyoupiga msasa. Mwambie nautoa, ila na vyuma naondoka navyo, namwachia ubao aweke kalamu."

Basi na mimi nikacheka, na leo asubuhi nimempita jamaa mlangoni nikamsalimia vizuri tu, hasira sijui zimeenda wapi. Tena nilimkuta jikoni anawaambia wenzake ile ngoma ya Wagogo inakoroma, na anaigiza kwa mdomo, na anaigiza vizuri shetani yule.

Kasheshe ni hela ya babu iliyobaki. Vocha inapita mezani kwa huyo huyo jamaa wa uhasibu, na babu kashauliza mara mbili, ya pili kajifanya anaulizia mvua.

Halafu mwenye nyumba katuma meseji, "Jumamosi uwepo tuongee." Basi, hakuna salamu wala nini. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa kumi na mbili, sasa tunaongea nini?