Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa mahabusu ya watoto

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishaamka, chai ya haraka, daladala mbili, hapo hamna stori. Niseme mapema tu kwamba kituo sikitaji na majina ya watoto hamtayaona hapa, mahakama ya watoto yenyewe inakaa faragha kwa hiyo na mimi kwenye hayo nafunga mdomo.

Mi ni mwalimu wa msingi, nafundisha mahabusu ya watoto. Watu wengi wakisikia hivo wanajua ni watoto waliofungwa. Hapana jamani. Hawa wanasubiri kesi zao ziishe, hakuna mtu aliyesema wana hatia. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kuhukumiwa jela kabisa, akikutwa na hatia na mahakama ikaona hawezi kurudi nyumbani kwa sasa, anapelekwa shule ya maadilisho ya Irambo kule Mbeya. Wangu mimi wako hapo katikati, na hapo katikati mtoto anaweza kukaa wiki mbili au miezi mingi tu, yeye hajui na mimi sijui.

Saa moja na nusu nafika. Shikamoo mwalimu, marahaba wanangu, nasaini, alafu moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii kuuliza leo nani ana mahakama. Hilo ndo linanipangia darasa. Leo wanaenda kadhaa, na mmoja wao ni dogo wa darasa la saba, huyu mtanisamehe nitamtaja sana leo maana mtihani wa taifa ni Septemba na sisi tuko Julai.

Saa mbili mpaka saa nne ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Penseli nazihesabu zikitoka na zikirudi, ndo utaratibu, watoto washazoea. Nina wa miaka 12 ambaye hajawahi kukanyaga shule na nina wa miaka 17 aliyeishia form two, wote chumba kimoja ubao mmoja. Siwezi kufundisha mada ya wiki nzima kwa sababu aliyeanza Jumatatu anaweza kupata dhamana Jumatano, kwa hiyo kila kipindi lazima kiishe siku hiyohiyo na mtoto aondoke na kitu kizima mkononi. Yule wa form two namkabidhi wadogo wa silabi, anawafundisha kwa upole ambao mi mwenyewe nakaa kuuangalia.

Leo hesabu zilinoga. Kuna mmoja alikua anauza nyanya sokoni, daftari hataki kuliona, ukimpa kalamu anainama. Nikamwambia basi weka kalamu chini, umenunua sado ya nyanya 5,000, umetoa mafungu 14, kila fungu 500, fungu moja limeoza, faida yako sh ngapi? Hata sijamaliza kuvuta pumzi, "1,500 mwalimu, ila toa na ushuru wa soko 500, inabaki 1,000". Darasa zima likapiga makofi! Nikaandika ubaoni kila hatua aliyopita kichwani mwake, kuzidisha, kutoa, kutoa tena, nikamwambia hii ndo hesabu uliyofanya, imekaa hivi ikiandikwa. Akaja mwenyewe akachukua chaki akanakili. Huyu mtoto anajua hesabu tangu zamani, alikua hajui kwamba anajua, na inaniuma kwamba ilibidi apate kesi ndo akutane na mtu wa kumuonyesha.

Saa nne uji. Saa nne na nusu mpaka saa sita Kiswahili, tumesoma gazeti, limepita vizuri.

Saa saba mchana ugali maharage, na saa ya simu. Nampigia mwalimu mkuu wa yule dogo wa darasa la saba. Shule ilishamuandika mtoro. Jina lake kwenye usajili wa mtihani lipo, namba yake ya PReM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, ipo, lakini mkuu anasema nafasi ngumu, mwalimu mwenzangu, na wazazi wengine watasemaje. Nikamsikiliza mpaka mwisho, ni mkubwa kwangu. Alafu nikamwambia kwa heshima, shikamoo tena mkuu, huyu hakutoroka, alichukuliwa, na upo Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 wa kuwarudisha wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali. Watu wanaukumbuka kwa ajili ya wasichana waliopata ujauzito, ila hawakuwa peke yao mle. Kimya. Kisha akasema njoo naye tuongee. Hiyo kwangu ni nusu ya safari.

Kwa kweli hapa ndo penye shida kubwa kuliko madaftari, kuliko madawati. Ndani mtoto anasoma vizuri tu, mlango unafunguliwa, anakuta shule imeshamfuta. Mahabusu zenyewe ziko mikoa michache, kama Dar, Tanga, Arusha, Kilimanjaro, Mbeya, wengine kwao ni mbali, nani ataenda kumuulizia nafasi yake?

Saa tisa na nusu gari la mahakamani linarudi. Dogo amepata dhamana, shangazi yake kaja na mdhamini, amekuja kuchukua nguo zake. Anacheka huku analia. Shangazi ananishika mkono, "mwalimu, watampokea?" Nikamwambia shangazi, tunaenda wote.

Saa mbili usiku niko nyumbani naandika barua yake ya maendeleo: masomo aliyosoma, alama, mada zilizobaki. Mahabusu siiandiki popote. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990, zile wanaziita za Havana, zinasema cheti cha mtoto kisionyeshe kwamba aliwahi kuzuiliwa, na mimi naona hata barua ifuate hivohivo. Mkuu anajua, inatosha, mwalimu wa darasa hana haja.

Kesho saa moja na nusu nakutana na shangazi getini kwa shule, ustawi nishawaomba ruhusa, nimemwambia mtoto aje na sare hata kama imembana, na madaftari yote.