Wahindi na Wanubi wa Uganda

Jamii hizi mbili zilifika kwa mkono wa ukoloni. Wanubi wengi ni wazao wa askari wa Sudani ambao Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, aliwachukua mwaka 1891, ilhali Wahindi wengi wametokana na wafanyabiashara waliofuata reli ya kutoka Mombasa, wala si vibarua walioijenga, kama wengi wetu tunavyodhani. Askari hakuwa na mtaji wa kurithisha. Mwenye duka alikuwa na jamaa wa kumkopesha bidhaa, na kwa maoni yangu pengo la mali kati yao lilianzia hapo.

Rais Idi Amin aliwafukuza Wahindi mwaka 1972 na mali zao zikatwaliwa. Alipoangushwa mwaka 1979, Wanubi wengi nao walikimbia, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wake. Mhindi aliyerudi na hati ya jengo aliweza kulidai kwa sheria ya mwaka 1982 ya kurudisha mali hizo, lakini Mnubi aliyeacha nyumba isiyo na hati angeonyesha nini? Leo pale Bombo, mji wa Wanubi wengi, akina mama wa Kinubi husuka vikapu vya rangi vya kuuza, wakati sukari ya Kakira na Lugazi, viwanda vya familia za Kihindi, imo madukani kote. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii asilia za Uganda, na Wahindi haiwataji.