Kumbukumbu ya mradi: rubani mpya wa EVE Online aanze na nini

Kwa wanaoukuta mradi huu leo: naandaa mfululizo wa masomo ya sauti, pamoja na mazoezi ya kuruka kwa kikundi, kwa watu wanaoingia EVE Online wakiwa hawajui hata kitufe kimoja. Gemu hii ya vyombo vya anga ilizinduliwa Mei 2003 na CCP, kampuni yenye makao yake Reykjavík, Iceland, na kwa miaka yote hiyo imekuwa ikiongezewa vitu bila kupumzika. Ulimwengu wake, New Eden, una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na karibu wachezaji wote wamo ndani ya seva moja, Tranquility. China ndiyo yenye seva yake pembeni. Hakuna mwalimu wa kumfundisha mgeni yote hayo. Kinachowezekana ni kuamua kipi kitangulie, na awamu hii yote nimeitumia kwenye swali hilo.

Mpangilio uliotulia ni huu: kwanza kupoteza chombo, pili kuona, tatu kupigana, pesa baadaye. Najua wengi watashangaa. Mgeni akiruhusiwa kuuliza, swali la kwanza huwa "nichimbe madini gani?" na la pili "nitanunua lini chombo kikubwa?" Nimekaa na maswali hayo muda mrefu na sasa nina msimamo. Anayejibiwa hayo kwanza hukusanya ISK, pesa ya ndani ya gemu, kwa wiki nyingi, hununua ile manowari kubwa aliyokuwa akiiota, huipoteza kwa dakika chache kwenye lango asilolijua la kuvukia mfumo mwingine, kisha huacha gemu. Chombo hakikuwa na kasoro yoyote. Mwenyewe ndiye hakuwahi kufundishwa kutazama.

Somo la kupoteza

Kila mwanafunzi anapewa frigeti, vyombo vidogo vya kivita, za bei nafuu kutoka ghala letu la pamoja, zimefungwa vifaa vya kawaida tu, halafu tunatoka kwenda mifumo ya usalama mdogo tukijua wengi hawatarudi nazo. Kabla ya kutoka naeleza kitakachotokea, maana hofu kubwa hutokana na kutojua. Chombo kikilipuka, unabaki ndani ya podi, kijichombo cha kujiokolea. Podi nayo ikilipuliwa, unaamka kwenye kloni mpya katika stesheni uliyoichagua kuwa nyumbani. Ujuzi uliokwisha kujifunza haupotei. Kinachokwenda ni chombo, vifaa, mzigo, na vipandikizi vya kichwani kama ulikuwa navyo. Bima hulipa sehemu ya thamani ya chombo, vifaa vilivyofungwa humo haivigusi, na mara nyingi huko ndiko gharama halisi ilipo.

Kanuni ya wakongwe ni kwamba usirushe usichoweza kukilipia tena. Mimi naisisitiza kwa hesabu: kabla ya kutoka stesheni, pochi iweze kununua chombo kilekile na vifaa vyake zaidi ya mara moja. Wachezaji wa Elite Dangerous, gemu nyingine ya anga, wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine, kwa sababu kule kurudishiwa chombo kilicholipuka hugharimu asilimia 5 ya thamani yake, na asiye na akiba hiyo huanza upya na chombo cha bure.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika somo hili huja baada ya mlipuko. Kila hasara huacha ripoti inayotaja nani alifyatua, kwa silaha gani, na chombo chako kilikuwa kimefungwa nini. Tunaisoma pamoja mstari kwa mstari, bila kucheka mtu. Jioni moja mwanafunzi aliniuliza, "Kaka, nimebakiza frigeti moja tu, niipaki?" Nikamwambia asiipaki, aruke nayo. Aliipoteza kwenye lango lilelile, lakini safari hii aliweza kunieleza mwenyewe adui alitokea upande gani, alikuwa umbali gani, na ni wakati gani alipaswa kuondoka. Kwa kipimo changu alikuwa amefaulu somo.

Somo la kuona

Hapa ndipo nimeongeza muda maradufu, na bado nahisi hautoshi.

Kila mfumo wa nyota una kiwango cha usalama. Kuanzia 0.5 hadi 1.0 ni usalama mkubwa, 0.1 hadi 0.4 ni usalama mdogo, na 0.0 kwenda chini hakuna serikali wala polisi. Wageni husikia "usalama mkubwa" wakaelewa kwamba hawawezi kushambuliwa. La. CONCORD, polisi wa New Eden, huadhibu tu, na hufika baada ya risasi ya kwanza. Kadiri mfumo ulivyo karibu na 0.5 ndivyo wanavyochelewa. Kundi la vyombo vya bei ya chini, Catalyst kwa mfano, linaweza kujitoa mhanga na kuvunja chombo cha mizigo kabla polisi hawajafika, na mwenzao akaokota mzigo uliomwagika. Uedama, mfumo wa 0.5 ulio kwenye njia ya wafanyabiashara wengi, unajulikana kwa mambo hayo. Kwa hiyo namfundisha mgeni afanye hesabu ileile ya mshambuliaji: mzigo wangu una thamani kuliko vyombo watakavyovipoteza? Kama ndiyo, wewe ni windo, hata ukiwa umetulia kabisa.

Kuna zawadi moja kwenye kila lango ambayo wageni huitupa. Ukishavuka, unabaki huonekani kwa hadi sekunde 60, mradi usisogee wala usiamrishe chombo kufanya lolote. Wengi hubonyeza safari inayofuata papo hapo. Katika mazoezi yetu ni marufuku. Tukivuka, kila mtu anatulia na kusema kwa sauti anachokiona: wako wangapi langoni, vyombo gani, umbali gani, nani ana alama nyekundu. Baada ya hapo ndipo tunaamua kama tunasonga au tunarudi. Mwanzoni huchosha. Baada ya muda mfupi watu hulifanya bila kuambiwa, na ninaposikia sauti zao zikipokezana kwa utulivu najua kundi limeanza kuwa kundi.

Jicho la pili ni chati (gumzo) ya mfumo, ile orodha ya waliomo ndani ya mfumo mmoja nawe. Karibu kila mahali hukuonyesha jina la mtu mara tu aingiapo. Jicho la tatu ni skana ya mwelekeo, ambayo hufika AU 14.3 (AU moja ni umbali wa Dunia hadi Jua), zaidi ya kilometa bilioni 2. Haikuambii adui yuko umbali gani hasa, ila unaweza kupunguza upana wake kutoka nyuzi 360 hadi nyuzi 5 na kuielekeza kwenye sayari au lango fulani. Zoezi letu ni la kujificha na kutafutana. Mmoja anakaa kwenye ukanda wowote wa vimondo, mwingine ana dakika chache za kusema ni ukanda upi. Akishaweza kumtafuta mwenzake, anaelewa mwilini jinsi yeye mwenyewe anavyotafutwa akiwa anachimba madini.

Kuona bila kuweza kuondoka hakusaidii, ndiyo maana nimeunganisha hapa somo la kuruka wapu, ule mwendo wa kasi kubwa wa kuvuka mfumo. Chombo hakiingii wapu mpaka kiwe kimeelekea uendako na kufikia asilimia 75 ya kasi yake ya juu. Chombo kizito huchukua muda mrefu kufika hapo, na muda huo ndio adui anaoutumia. Kwa hiyo mchimbaji mzuri huwa amekwisha kulenga stesheni kabla hatari haijatokea. Vilevile kila mwanafunzi anatengeneza maficho yake: akiwa katikati ya wapu kati ya sayari mbili anahifadhi alama ya mahali, na baadaye anaweza kurudi pale patupu ambako hakuna lango, sayari wala stesheni ya kumleta mtu. Maficho katika kila mfumo unaoutumia ni kazi ya dakika moja, na sijaona mazoea mengine yenye faida kubwa hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Somo la kupigana

EVE haiendeshwi kwa usukani. Unatoa amri: sogea, zunguka kwa umbali huu, baki umbali ule, elekea pale. Kwa hiyo pambano huamuliwa sana na umbali na mzunguko, jambo linalompa mgeni nafasi halisi. Bunduki kubwa ya manowari hugeuka polepole na imeundwa kupiga vitu vikubwa. Frigeti kama Rifter ikiingia karibu na kuzunguka kwa kasi, mtutu haupati muda wa kuifuata. Lakini ukienda moja kwa moja kumfuata adui, husogei upande wowote machoni pake, na risasi moja inakumaliza. Ndiyo maana nafundisha kukaribia kwa kupinda. Wengi huelewa pale tunapojaribu njia zote mbili dhidi ya chombo changu, wakitazama safu ya kasi ya pembeni ikibadilika. Droni hata hivyo huikamata frigeti vizuri tu, kwa hiyo ukiziona zikitolewa, zipige kwanza au uondoke.

Kazi ya rubani mpya katika kundi ni kukamata. Skrambla ya kawaida hufika kilometa 7.5 na humzuia adui asiingie wapu. Disrapta ya kawaida hufika kilometa 20, nguvu yake ni ndogo zaidi. Atron, Condor, Slasher au Executioner ikiwa na kifaa hicho humbakiza adui mahali pake mpaka wakubwa wafike, na rubani wake anaweza kuwa na siku chache tu katika gemu. Nawakumbusha pia B-R5RB, pambano la Januari 2014 lililovuta wahusika zaidi ya 7,000 na kuangamiza vyombo 75 vya daraja la Titan, vikubwa kuliko vyote, hasara iliyokadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani. Seva ililazimika kupunguza mwendo wa wakati hadi asilimia 10 ili ihimili msongamano. Chanzo chake kilikuwa malipo ya umiliki wa mfumo ambayo hayakupita kama yalivyotarajiwa.

Pesa na ujuzi

Haya nayapitia haraka kwa sababu maelezo yake yamejaa kila mahali. Misheni za mawakala wa taaluma, wahusika wa gemu wanaotoa kazi za kujifunzia, zifanywe zote, zinalipa vizuri kwa mgeni na zinagusa kila kazi. Madini yachimbwe kwa Venture, chombo cha kuchimbia cha wageni. Jita, stesheni ya mwezi wa nne wa sayari ya nne, ndiyo soko kuu, na hapo mtu yeyote anayeahidi kukuzidishia ISK ukimtumia ni tapeli. Utapeli wa ndani ya gemu unaruhusiwa na kanuni, kwa hiyo hakuna wa kukurudishia. Kuuza au kununua ISK kwa pesa halisi nje ya njia rasmi hakuruhusiwi, na akaunti hufungwa.

Kuhusu ujuzi nina neno moja la dhati. Ujuzi hujifunzwa kwa saa halisi, hata ukiwa umelala, na kila ngazi ni nzito kuliko iliyotangulia kwa zaidi ya mara tano. Ujuzi mwepesi kabisa unahitaji pointi 8,000 kufika ngazi ya tatu, 45,255 ngazi ya nne na 256,000 ngazi ya tano. Kwa hiyo mgeni apandishe mambo mengi hadi ngazi ya tatu na ya nne kabla ya kufukuzia ya tano hata moja. Akaunti ya bure, Alpha, ipo tangu Novemba 2016. Hujifunza kwa nusu ya kasi ya Omega, akaunti ya kulipia, na mafunzo yake hukoma kwenye pointi milioni 5. Masomo yetu yote hadi sasa yanawezekana kwa Alpha. Simshauri mtu anunue PLEX, bidhaa ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi, ili aiuze na kupata chombo kikubwa mapema.

Kampuni, yaani kundi la wachezaji ndani ya gemu, itafutwe mapema kuliko wengi wanavyodhani, ndani ya wiki za kwanza. Nzuri ina watu wanaozungumza kwenye sauti katika saa zako, na humjibu mgeni swali lilelile mara ya pili bila kukunja uso. EVE University, inayofundisha wageni tangu 2004, ni mahali salama pa kuanzia kwa anayeweza kufuata masomo ya Kiingereza. Ikiwa kampuni inakudai mali yako yote ikusafirishie kama sharti la kujiunga, huo nao ni utapeli.

Kilichobaki

Somo la mashimo-minyoo, milango ya muda inayoelekea mifumo iliyofichika, halijakamilika. Mifumo hiyo, iliyoongezwa Machi 2009, haina malango, chati yake haikuonyeshi mpaka uzungumze, na mlango ulioingilia huporomoka baada ya muda au baada ya tani fulani kupita. Mgeni anaweza kufungiwa ndani, kwa hiyo ni lazima ajue kutafuta njia ya kutokea kwa vichunguzi, vifaa vidogo vya kurushwa ili kutafuta vitu vilivyofichika, kabla hajaingia. Zoezi la vichunguzi nimeliandika, bado halijajaribiwa na kundi zima. Nahitaji watafutaji wawili wenye uzoefu wa kukaa upande wa ndani wakati wageni wanajifunza kutoka. Tutaanza mara seva itakapofunguka baada ya matengenezo ya kila siku ya saa 11:00 UTC, na frigeti za zoezi zimeshapangwa ghalani.