Lacock Abbey: ukuta wa kanisa uliogeuka uso wa nyumba

Ukisimama upande wa kusini wa Lacock Abbey, nyumba iliyokuwa makao ya watawa huko Wiltshire, Uingereza, unatazama ukuta ambao haukujengwa utazamwe kutoka nje. Ni ukuta wa kaskazini wa kanisa la watawa, na hapo kwenye nyasi uliposimama palikuwa ndani ya kanisa. Asiyelijua hili atashangaa mbona upande huu hauna mpangilio.

Ela, Kauntesi wa Salisbury, alianzisha makao haya ya watawa mwaka 1232. Yalifungwa 1539 chini ya Mfalme Henry VIII, yakanunuliwa na William Sharington. Kwingineko wanunuzi walibomoa hadi msingi, mawe na madini ya risasi ya paa vikauzwa. Sharington alibomoa kanisa isipokuwa ule ukuta wa kaskazini, akauacha ua wa katikati na baraza zake za matao, akaishi orofani. Pembeni akaongeza mnara wa pembe nane. Ndiyo maana chini bado ni kwa watawa, juu ni kwa bwana mkubwa.

Wageni wengi hukosea kwenye Gothiki, mtindo wa ujenzi wa matao yaliyochongoka, kwa sababu zipo mbili. Barazani, mbavu za mawe za karne ya 15 zinabeba dari kwelikweli. Ukumbi ambao msanifu Sanderson Miller alimchorea mwenye nyumba, John Ivory Talbot, katika miaka ya 1750 ni Gothiki ya mapambo: ukiondoa nakshi zake, jengo halianguki. Mimi naupenda hivyo hivyo, na mzaha wake.

Kisha mwenye nyumba wa baadaye, William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, akautoboa ule ukuta wa kusini wa nyumba, akaweka madirisha matatu yaliyochomoza nje. Agosti 1835 alipiga picha ya lile la kati. Ndiyo negativu ya kamera (picha ambamo mwanga na giza vimegeuzwa) ya zamani kuliko zote zilizosalia. Mwenyewe aliandika kwamba vioo vyake, kama 200, vilihesabika kwa lenzi.

Katika nyumba za namna hii, mahali palipozibwa au kuongezwa hujulikana kwa kiungo kinachoshuka wima: safu za mawe hazipandani, zinakutana tu. Hapo ndipo maji hupenya kwanza. Ukiziba kwa saruji umeharibu, maana ni ngumu kuliko jiwe. Unyevu hukosa njia kwenye kiungo, hutokea kwenye jiwe lenyewe, ukiganda wakati wa baridi uso unabanduka. Tumia chokaa na mchanga. Kwangua kiungo kwa mkono, kina kiwe angalau mara mbili ya upana wake, lowesha, ndipo ujaze. Chini ya nyuzi 5 acha kazi: chokaa ikipigwa na barafu kabla haijakomaa, inapukutika.